Kwa nini redio ilinyamaza jioni ile: swichi zinavyosasishwa

Jumapili ile, wakati wa matangazo ya vifo, redio yetu ilinyamaza. Wengi mlipiga simu mkidhani umeme umekatika mlimani. Umeme ulikuwepo. Tulikuwa tunasasisha programu ya swichi zetu, na tulichagua saa mbaya. Familia moja ilikuwa imeleta tangazo la mazishi ya kesho yake. Lilisomwa usiku, na baadhi ya ndugu wa vijijini hawakuwahi. Tumeshawaomba radhi, na leo tunaeleza kilichotokea.

Swichi ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya kebo kinachounganisha kompyuta za studio, simu za ofisini na kifaa kinachopeleka sauti kwenye mnara. Sisi tunazo tatu, zimeungwa kwa kebo maalumu kwa nyuma ili zifanye kazi kama swichi moja. Mafundi huita staki. Moja ni kiongozi, ya pili ni msaidizi anayesubiri, na iliyobaki inafuata amri. Kiongozi akiharibika, msaidizi anashika usukani.

Kwa hiyo tuliamini hatuwezi kukatika. Tulisahau kwamba zote zinatakiwa kuwa na toleo moja la programu, na staki nyingi, yetu ikiwemo, zikiamriwa kusasishwa hujizima na kuwaka upya kwa pamoja. Msaidizi hana msaada wowote ikiwa naye kalala! Kuwaka huko huchukua dakika kadhaa, maana swichi hupakia programu, hujipima, huchagua kiongozi, kisha ndipo hufungua matundu.

Kuacha kusasisha nako si suluhisho, kwa sababu matoleo mapya huziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huitumia. Kinachowezekana ni kupunguza muda wa kukatika. Kazi kubwa hufanyika kabla: programu mpya inakiliwa mapema kwenye kila swichi huku matangazo yakiendelea, faili linahakikiwa kwamba limefika zima, mipangilio inatunzwa nje ya swichi, na toleo la zamani linabakizwa ili kama mambo yakiharibika turudi nyuma. Baada ya hapo kinachobaki ni kuzima na kuwasha tu.

Ziko staki zinazoweza kusasishwa moja moja. Kwenye baadhi ya swichi za Juniper, kwa mfano, msaidizi huanza, wafuasi wanafuata mmoja mmoja, na kiongozi hukabidhi madaraka kabla ya zamu yake, ambayo ni ya mwisho. Lakini hapo kila kifaa muhimu lazima kiwe na kebo mbili, kila moja kwenye swichi yake. Kifaa chenye kebo moja kitakatika tu swichi yake inapozimwa, hata staki iwe ya kisasa namna gani.

Kwa kuwa yetu haina uwezo huo, kifaa cha mnara tumekihamishia kwenye swichi ndogo iliyo nje ya staki. Kule mlimani tumeweka kompyuta inayoanza kupiga muziki yenyewe sauti ya studio ikipotea. Sasisho lijalo litafanyika saa nane usiku, fundi akiwa ofisini na kebo yake mkononi, si nyumbani kwa simu. Na siku hiyo tutaitangaza mapema, kwenye kipindi cha asubuhi na cha jioni.