Mti Uliopukutika Si Mti Uliokufa

Kaskazi inapokolea na mvua kutoweka, baadhi ya miti ya mwambao wetu hupukutisha majani yote. Hapo ndipo shoka hutolewa. Mwenye kiwanja huutazama mti alioachiwa na babu yake, akauona umebaki matawi matupu, akasema umekauka. Masika yakiingia, kisiki chachipua, naye hana tena kivuli wala matunda. Majuto ni mjukuu.

Wazee wetu hawakuhitaji jani ili kuutambua mti. Walitazama gome, mpangilio wa matawi na kile kilichosalia juu yake. Elimu hii yafaa tuwarithishe wana wetu.

Mbuyu hujulikana kwa shina nene la kijivu na matawi yanayofanana na mizizi iliyogeuzwa juu. Mabuyu yake, yenye vinyweleo laini, huning'inia kwa vikonyo virefu. Makovu shinani huonyesha palipobanduliwa gome la kusokotea kamba. Mbuyu huliotesha tena.

Msufi, hasa ukiwa mchanga, una miba minene shinani, na matawi yake hunyooka kwa ubavu, safu juu ya safu. Maganda yake hupasuka na kutoa sufi, ile iliyojazwa katika mito na magodoro ya nyumba zetu.

Mkungu nao hupanga matawi kwa madaraja, lakini hauna miba. Chini yake utakuta majani mapana yaliyogeuka mekundu kabla ya kuanguka.

Gome la mbambakofi hubanduka vipande vipande na kuacha alama za mviringo. Okota ganda lake gumu, uone mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu.

Kabla ya kuhukumu kuwa mti umekufa, kwaruza kijitawi chembamba kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu chini ya gome, mti u hai. Ukikuta ukavu, usikate bado: tawi moja huweza kufa na mti ukaishi. Jaribu matawi mengine, kisha usubiri mvua.

Jioni moja wiki hii, baada ya Alasiri, watoke watoto nawe. Waulize jina la kila mti usio na majani, na kila mmoja aeleze ameujuaje.