Vumbi la Kazini Lisifike kwa Mtoto

Ndugu mfanyakazi, ukishinda kiwandani ukitengeneza betri za magari, unarudi nyumbani na vumbi la risasi kwenye nguo. Mtoto anakukimbilia, unampakata, kisha anatia vidole mdomoni. Mwili wake hufyonza madini hayo mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Risasi huharibu ubongo, na mtoto huwa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Basi tuoge na kubadili nguo kabla ya kutoka kazini. Ovaroli zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Wanaonyunyizia dawa mashambani wafanye vivyo hivyo. Bafu, sabuni na mahali pa kufulia tumdai mwajiri, sote pamoja, kupitia tawi letu.