Mizani Haioni Msuli

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakazi wa Rakai, kusini mwa Uganda, waliuita ugonjwa mpya uliowaingilia "slim", yaani mwembamba, kwa kuwa aliyeupata alikonda mpaka nguo zikamning'inia, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la The Lancet. Jina lilieleza kilichoonekana kwa macho, lakini halikusema ni nini hasa kilichokuwa kikiisha mwilini.

Mtu aliyekosa chakula huanza kula akiba yake ya mafuta, na mwili hupunguza matumizi ya nguvu ili msuli udumu. Mwili unaopambana bila dawa na virusi vya UKIMWI (VVU), ambavyo ndivyo vilivyoleta "slim", hauna ubahili huo: hutumia nguvu nyingi hata mtu akiwa amelala, na kemikali ambazo chembe za kinga hupashana habari kwazo huchochea protini ya msuli ivunjwe, ipate kutumika katika vita hivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili huhitaji nishati zaidi kwa takriban asilimia 10, na mwenye dalili kwa asilimia 20 hadi 30, ilhali mara nyingi ni huyu wa pili ambaye utando mweupe wa fangasi kooni humfanya aogope kila tonge, na kuhara humpokonya hata kile kidogo alichomeza. Kifua kikuu kikiingia juu ya hayo, msuli huyeyuka kwa kasi zaidi.

Dawa za kufubaza virusi zimeifanya hali hiyo kuwa adimu kuliko zamani, lakini hazikuimaliza. Uzito unaorudi baada ya kuanza dawa huweza kuwa mafuta zaidi kuliko msuli, hivyo mizani ya kliniki ikafurahisha huku mapaja yakiwa bado dhaifu. Majirani nao husoma mashavu, na shavu ni shahidi mbovu: stavudini, dawa ambayo Shirika hilo lilishauri iachwe hatua kwa hatua mwaka 2009, ilikausha mafuta ya uso hata kwa mtu ambaye misuli yake haikuguswa.

Kwa wanaozeeka na VVU huongezeka sakopenia, yaani kupungua kwa misuli na nguvu zake kutokana na umri. Kipimo chake kimojawapo hakihitaji mashine: mtu hukunja mikono kifuani, akainuka kitini na kuketi mara tano mfululizo, na akizidisha sekunde 15 hushukiwa kuwa na udhaifu wa misuli. Maharage, dagaa na mayai huleta protini, lakini msuli usiofanyishwa kazi hauitumii vyema, ndiyo maana mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari wake huweza kuanza mazoezi kwa kiti kilekile alichopimiwa.