Kiwanda Kidogo cha Chai na Soko Kubwa: Vyama Vichague Njia Ipi?

Mkulima wa chai wa Usambara hawezi kuuza zao lake kama auzavyo kabichi au viazi. Jani likishachumwa huanza kunyauka, na lisipofikishwa kiwandani katika saa chache hupata joto, hubadilika rangi na kuharibika. Kwa hiyo bei ya mkulima haikamiliki shambani; hukamilika kiwandani na mnadani. Mwanachama asiyeelewa hali ya kiwanda chake hawezi kuelewa kwa nini amelipwa alicholipwa.

Jambo hili lilidhihirika huko Mponde, upande wa Bumbuli, Wilaya ya Lushoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro juu ya uendeshaji wake. Serikali ilikitwaa tena mwaka 2016, na baadaye kikakabidhiwa mifuko ya PSSSF na WCF ili kifufuliwe. Katika miaka hiyo mashamba mengi yaligeuka vichaka, maana mchai usiochumwa wala kupogolewa hurefuka ukawa mti. Kiwanda kikisimama, mchai haungoji.

UKUBWA WA WASHINDANI

Kenya hutoa zaidi ya tani 400,000 za chai kwa mwaka. Tanzania nzima haifikishi tani 40,000, na Usambara ni sehemu tu ya kiasi hicho. Chai nyingi ya Afrika Mashariki huuzwa katika mnada wa Mombasa, ambao ulihamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Mnunuzi anayechanganya chai za nchi mbalimbali katika pakiti moja haulizi jina la mlima. Huuliza rangi, ukali na bei. Mbele ya soko la namna hiyo, kiwanda kidogo kina njia tatu.

NJIA YA KWANZA: CHAI YA KAWAIDA KWA GHARAMA NDOGO

Hii ni chai ya chembe ndogo, iliyokatwa na kupondwa kwa mashine. Soko lake lipo wakati wote, lakini faida hutegemea wingi. Tuchukue mfano wa kiwanda chenye uwezo wa kusindika kilo 20,000 za majani mabichi kwa siku. Kilo tano hivi za majani hutoa kilo moja ya chai kavu. Kwa hiyo kiwanda kikijaa hutoa kilo 4,000. Kikipokea kilo 8,000 tu za majani, hutoa kilo 1,600. Lakini mishahara, ulinzi na riba ya mkopo havipungui. Ikiwa gharama hizo ni shilingi 800,000 kwa siku, kila kilo ya chai itabeba shilingi 500 badala ya shilingi 200. Tofauti hiyo hukatwa katika bei ya mkulima.

Ni dhahiri basi kwamba mwanachama anayepeleka majani kwa mnunuzi wa pembeni kwa nyongeza ya shilingi chache hujipunguzia mwenyewe malipo ya mwisho wa msimu.

NJIA YA PILI: CHAI MAALUMU

Hapa kiwanda huacha kushindana kwa wingi. Hutengeneza chai ya majani yaliyosokotwa, au chai ya kijani, na kuiuza kwa jina la mahali ilikotoka. Huko Sakare, upande wa Korogwe wa milima hii, kuna kiwanda kidogo cha chai ya aina hiyo.

Bei yake ni nzuri, lakini masharti ni magumu. Uchumaji uwe wa majani mawili na chipukizi. Jani kuukuu likichanganywa, mzigo wote hushuka daraja. Anayetaka cheti cha kilimo hai kwa soko la Ulaya hupita kipindi cha mpito cha miaka mitatu kwa zao la kudumu kama chai, na ukaguzi hulipiwa kila mwaka. Aidha, wanunuzi ni wachache. Chama chenye mnunuzi mmoja tu kimeegemea mti mmoja. Ukianguka, kinaanguka nao.

NJIA YA TATU: KUUNGANA

Nchini Kenya wakulima wadogo wanamiliki viwanda zaidi ya 60 vinavyosimamiwa kwa pamoja na KTDA, shirika lililoanza kama mamlaka ya Serikali mwaka 1964. Mbolea hununuliwa kwa pamoja na chai huuzwa kwa pamoja, hivyo kila kiwanda hupata nguvu ambayo kisingekuwa nayo peke yake. Kasoro ya mpango wa namna hii ni kwamba maamuzi huweza kuwa mbali na mkulima. Bila ukaguzi wa mara kwa mara, makato huongezeka naye asijue sababu.

WAJIBU WA VYAMA

Njia hizi zaweza kuchanganywa, lakini chama hakina budi kuwa na moja iliyo kuu. Mshika mbili moja humponyoka: kiwanda kinachotaka wingi na ubora wa juu kwa mashine zilezile na wachumaji walewale aghalabu hukosa vyote viwili.

Kabla ya mkutano mkuu, kila katibu aandae hesabu ya mambo manne: kilo zilizopokelewa kila mwezi, kilo zilizokataliwa na sababu zake, makato yote kwa kila kilo, na idadi ya wanachama walioacha kuleta majani. Hesabu hizo zibandikwe katika kituo cha kupokelea majani siku kadhaa kabla ya mkutano, ili mwanachama aje akiwa ameelewa.

Uchaguzi wa njia si kazi ya meneja peke yake, wala si ya mnunuzi. Ni uamuzi wa wenye mashamba, kwa kuwa hasara ikitokea, wao ndio watakaobaki na michai iliyogeuka miti.