Lumbesa ya shambani yawaponza wenye malori mizani

Msimu wa mahindi ukifika, wenye malori Handeni hupata kazi ya kupeleka magunia Korogwe, na wengine huunga barabara kuu kwenda Moshi na Arusha. Nauli hupatanwa kwa gunia. Hasara huanzia hapo, kwani mizani haihesabu magunia, hupima kilo.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na 10 kwa ekseli ya nyuma yenye matairi manne. Lori la ekseli mbili, basi, lisizidi tani 18.

Kama lori tupu lina tani 7, hubaki tani 11, yaani magunia 110 ya kilo 100. Yakijazwa lumbesa ya kilo 130, mzigo unafika tani 14.3. Tani 3.3 zimezidi, na mwenye lori anatozwa.

Mkulima anayeuza kwa gunia naye hupunjwa kilo 30 kila gunia, wakati lumbesa imepigwa marufuku kisheria. Dawa ni kupima kabla ya kupakia, kupatana nauli kwa kilo, na kupanga mzigo usielemee nyuma.