Safari ya mbugani, sweta ya nyanya na homa iliyotufuata nyumbani

Huenda ukacheka, msomaji, nikikwambia kwamba kuna wagonjwa ninaowashauri wanunue madonge mawili ya uzi wa sufu, na wengine wawapeleke watoto wao wakaone ndovu. Mtu wa mjini huamka saa kumi na moja alfajiri, akapigania matatu, akashinda kazini akikaripiwa, na jioni akakwama saa mbili kwenye msongamano wa magari. Anapofika kwangu akilalamika kwamba hapati usingizi na moyo unamwenda mbio, aghalabu huwa anataka sindano. Baadhi yao huwaambia sindano inayowafaa ni ya kufumia.

Sisemi mzaha. Anayefuma hutumia mikono yote miwili, huhesabu mishono na hukaa mahali pamoja. Baada ya nusu saa pumzi zinatulia, mabega yanashuka na yale mawazo ya karo na kodi ya nyumba yanapata wa kushindana naye. Nina mgonjwa mmoja, mwanamume tena, aliyeacha sigara kwa njia hii: kila hamu ilipomjia aliinua sindano zake, kwa kuwa vidole vilivyoshika uzi haviwezi kushika sigara. Majirani walimcheka mpaka mvua za baridi za Julai zilipoanza, wakaja kumwomba kofia. Wala jambo hili si geni kwetu. Wengi wetu tumewaona mama zetu wakisuka kiondo huku wakitembea kwenda sokoni, mzigo mgongoni na nyuzi mkononi.

Lakini nikuonye mapema. Kufuma si badala ya tembe za shinikizo la damu. Mama mmoja alijiona ametulia sana, akaacha dawa zake kwa miezi miwili. Alipopimwa tena shinikizo lilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Ugonjwa huu hauna kelele, na kujisikia vizuri si kipimo.

Tena mikono yenyewe ina mipaka. Ukiamka usiku na ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, ukawa unakung'uta mkono ndipo upate nafuu, huenda mshipa wa fahamu unaopita katika kifundo cha mkono unabanwa. Hali hii huwapata zaidi wanawake wajawazito, wenye kisukari na wenye matatizo ya tezi la shingo, na kazi ya kurudiarudia huizidisha. Pumzika kila baada ya nusu saa, unyooshe vidole, na usikaze uzi kupita kiasi. Ganzi isipokwisha, mwone daktari kabla nyama ya chini ya kidole gumba haijaanza kunywea. Mara nyingi kifaa cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala hutosha. Na ikiwa umepita miaka arobaini nawe unasogeza sindano mbali ili uone tundu, usisingizie taa ya stima. Ni miwani unayohitaji. Mimi mwenyewe nilisingizia taa mwaka mzima.

Sasa nikupeleke mbugani. Mwezi Agosti mwaka wa 2016 niliichukua jamii yangu yote kwenda Tsavo Magharibi, pamoja na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amefiwa na baba mwaka uliotangulia na usingizi ulikuwa umemhama. Sikutaka kumwanzishia tembe za usingizi. Katika umri wake zingeweza kumwangusha usiku akavunjika nyonga. Nilitaka atoke katika ile nyumba. Akaja na kikapu chake cha uzi, akiwa ameanza kumfumia binti yangu wa miaka saba sweta ya rangi ya kijani.

Garini nilimkataza asifume. Anayeinamisha macho wakati gari linakwenda hushikwa na kichefuchefu, na barabara za mbugani zina mashimo. Gari likifunga breki ghafla, ile ncha ya sindano itaingia wapi? Alinuna hadi Mtito Andei. Kila baada ya saa mbili tulisimama mahali salama tukanyoosha miguu, kwa sababu mzee akikaa mno damu hujikusanya miguuni na vifundo vikavimba. Tulipoingia langoni, tukiwa tumesimama kungojea ndovu wamalize kuvuka, wale ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, alitoa kazi yake. Dereva alikuwa amezima injini, na hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Kule chemchemi za Mzima watoto waliwatazama viboko, naye akawafunza kuhesabu mishono. Usiku ule alilala tangu saa tatu hadi mapambazuko, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi.

Hapo ndipo nilipozembea, msomaji, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia leo. Tulilala mbugani siku tatu. Chandarua tulikuwa nacho, lakini jioni tuliketi nje tukisikiliza fisi, watoto wakiwa na mikono wazi. Dawa ya kuzuia malaria sikuwapa, nikijiambia ni siku tatu tu. Mbu wa malaria hana haja ya siku tatu. Anahitaji kukuuma mara moja, naye huuma hasa kati ya magharibi na alfajiri.

Siku ya kumi baada ya kurudi, binti yangu alipata homa. Nairobi kulikuwa na baridi, na binamu yake alikuwa na mafua, kwa hivyo nami nikampa dawa ya kushusha homa. Kesho yake ikarudi. Jioni ya pili akaanza kutapika. Mama yangu alikuwa ameketi kando ya kitanda akimalizia mkono wa sweta, akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, mtoto huyu angeletwa kwako na mtu mwingine, ungemwuliza nini mzazi wake?"

Ningemwuliza kama wamesafiri. Ni swali la kwanza ninalowafundisha vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu. Tulimkimbiza hospitali usiku uleule, damu ikapimwa, na vimelea vya malaria vikaonekana. Kwa kuwa hakuweza kukaa na tembe tumboni, alitiwa dawa ya artesunate kwa mshipa, na siku ya tatu akaomba chapati. Ningengoja siku moja zaidi nikisubiri mafua yaishe, sijui kama ningekuwa na moyo wa kuandika haya.

Elewa jambo hili. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na malaria ni nadra kuambukizwa hapa. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Buruburu au Kileleshwa hana kinga ambayo aliyekulia nyanda za chini hujijengea kwa kuumwa mara kwa mara, na kwake ugonjwa unaweza kuwa mkali kwa haraka sana. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 7 na wiki mbili baada ya kuumwa, na pengine baada ya mwezi au zaidi. Kwa hivyo homa yoyote baada ya safari ya Tsavo, pwani au ziwani ipimwe siku hiyohiyo, nawe mtajie daktari safari hata kama hakukuuliza. Ukipewa tembe za artemether na lumefantrine, dozi ni 6 kwa siku 3. Zimeze na maziwa au chakula chenye mafuta, na uzimalize hata homa ikishuka siku ya kwanza.

Kabla ya kusafiri, mwone daktari kuhusu dawa ya kuzuia. Kuna inayoendelea kumezwa siku 7 baada ya kurudi na nyingine wiki 4, na wengi huzikatiza mara tu wanapofika nyumbani. Doxycycline haiwafai wajawazito wala watoto walio chini ya miaka minane. Mja mzito ni heri aahirishe safari ya nyanda za chini kabisa.

Neno moja kuhusu nyani na tumbili wanaonyemelea vikapu vya chakula: usiwalishe. Mmoja akimparura au kumwuma mtoto, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata jeraha liwe dogo.

Ikiwa mfuko hauruhusu Tsavo, au una mtoto mchanga, mbuga ya Nairobi iko hapa mjini tangu mwaka wa 1946, na utarudi nyumbani kabla ya giza kuingia. Lango kuu liko kwenye barabara ya Lang'ata. Nenda asubuhi na mapema, simba wakiwa bado wanatembea, na umvishe mtoto sweta, kwa sababu mwezi Julai upepo wa uwanda ule hupenya hadi mifupani.