Saratani ya Ulimi: Vipimo, Tiba na Msimbo Ulioandikwa kwenye Fomu Yako

Kidonda cha kawaida cha ulimi hupona chenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Kinachodumu zaidi ya wiki 3, uvimbe mgumu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au maumivu ya kumeza yanayofika sikioni, ni mambo ya kumwona daktari, si ya kutulizwa kwa dawa za dukani. Tumbaku, ikiwamo ugoro na ile ya tambuu, pamoja na pombe, huongeza hatari. Hata hivyo, ugonjwa huwapata pia wasiotumia vitu hivyo.

Vipimo
Kuangalia kwa macho hakutoshi. Daktari hukata kinyama kidogo penye kidonda, nacho hupimwa maabara kwa hadubini. Majibu hayo ndiyo yanayothibitisha saratani. Kisha hupigwa picha za CT au MRI ili kujua ukubwa wa uvimbe na kama umefika kwenye tezi za shingo.

Tiba
Uvimbe mdogo wa sehemu ya mbele kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji. Ule wa shina la ulimi, au uliokwisha kuenea, mara nyingi huhitaji mionzi pamoja na dawa za saratani. Meno mabovu yatibiwe kabla ya mionzi, kwani jino likin'golewa baadaye, mfupa wa taya waweza kushindwa kupona.

Msimbo
Katika orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, C01 ni saratani ya shina la ulimi, na C02 ni ya sehemu nyingine: C02.0 juu ya ulimi, C02.1 ukingoni, C02.2 upande wa chini, C02.9 sehemu isiyotajwa. Msimbo hutaja mahali, si ukali. Aliyeandikiwa C02.4 asidhani yuko hatua ya 4. Hatua huandikwa peke yake.

K14 ni magonjwa ya ulimi yasiyo saratani. Iwapo uliandikiwa K14 kabla ya majibu, na fomu isibadilishwe baada ya saratani kuthibitishwa, maombi ya mionzi hayatalingana na msimbo. Bima yaweza kuyarudisha, na siku za tiba zikapotea.

Kwa hiyo tunawashauri:
1. Ombeni nakala ya majibu ya maabara na muitunze.
2. Ulizeni maana ya msimbo kabla ya kutia saini.
3. Msibadilishe fomu wenyewe; daktari aliyeijaza ndiye airekebishe.
4. Madai yakikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, kisha mrudi nayo hospitalini.

Karatasi hurekebishika, muda uliopotea haurudi. Wakati fomu ikishughulikiwa, mwulizeni daktari ni hatua ipi ya matibabu inayoweza kuanza.